Somo la 12: Ghala la Masomo Katika Simu

Sasa unajua kusoma. Unaweza kuandika jina lako, barua yako na hesabu ya mauzo yako. Lakini kisomo ni kama jembe. Jembe likiachwa darini bila kulimia, hushika kutu. Mtu aliyejifunza kusoma akikaa bila kusoma, husahau.

Wengi wenu mnauliza: "Tusome nini? Vijitabu vya darasa tumevimaliza. Maktaba iko mbali." Swali hilo ni la haki. Katika somo hili tutaona jinsi darasa moja la kijijini lilivyopata masomo mapya kwa kutumia simu moja. Tutaona pia jinsi simu hiyo hiyo ilivyokaribia kuleta msiba.

DARASA LA WATU 24

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Kazi yangu ni kuzungukia madarasa ya vijijini. Msimu mmoja wa mavuno nilifika katika darasa lenye wanakisomo 24. Darasa hilo husoma chini ya mwembe, karibu na ofisi ya kijiji. Husoma siku 3 kwa wiki, kuanzia saa kumi alasiri.

Mwalimu wao ni kijana. Wengi wa wanafunzi wake ni wa umri wa wazazi wake. Kabla ya kuanza somo huwaamkia, "Shikamooni wazee wangu." Nao hujibu, "Marahaba, mwalimu."

Darasa lilikuwa na vijitabu 6 tu. Kila kijitabu kilisomwa na watu 4. Wakati ule mahindi yalikuwa yameshavunwa. Wanakisomo walitaka kujifunza namna ya kuyahifadhi yasiliwe na dumuzi. Katika vijitabu vyote 6 hapakuwa na habari hiyo.

Mweka hazina wa darasa alikuwa na simu ya kupangusa. Wengine walikuwa na simu ndogo za tochi. Kamati ya darasa ilikutana. Mweka hazina akasema, "Simu yangu ina kila kitu. Nimeona humo watu wanafundisha kushona, kufuga kuku, hata kutengeneza sabuni. Kwa nini tusitafute humo somo letu?"

Kamati ilikubali. Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza.

MTANDAO WA KIJAMII NI NINI?

Mtandao wa kijamii ni mahali ndani ya simu ambapo watu wengi huwekeana maandishi, picha, sauti na video. Mitandao hiyo ina majina mengi. Facebook ilianza mwaka 2004. YouTube ilianza mwaka 2005. Huko watu huweka video. WhatsApp ilianza mwaka 2009. Huko watu hutumiana ujumbe, mmoja kwa mmoja au katika kundi.

Mtandao wa kijamii ni kama gulio. Kila mtu anaweza kutandika mkeka wake na kuuza. Anayeuza mbegu bora na anayeuza mahindi yaliyopakwa rangi ili yaonekane mbegu, wote wamekaa mstari mmoja. Hakuna anayekagua kila bidhaa mlangoni. Anayekwenda gulioni lazima awe na macho.

Kwa hiyo, mtu anayetafuta masomo mtandaoni ana kazi 4. Kazi ya kwanza ni kutafuta. Ya pili ni kupepeta. Ya tatu ni kupanga. Ya nne ni kutumia pamoja na wenzake. Tuzitazame moja moja.

KAZI YA KWANZA: KUTAFUTA

Simu haijui mawazo yako. Inajua herufi ulizoandika tu.

Siku ya kwanza, mweka hazina aliandika neno moja: mahindi. Simu ilimletea nyimbo, mapishi ya makande na habari za bei. Hayo yote yalihusu mahindi, lakini hayakuwa somo walilolitaka.

Akaandika maneno mawili: kuhifadhi mahindi. Sasa zilikuja video za wakulima na maghala. Akaongeza neno la tatu: kuhifadhi mahindi dumuzi. Hapo wakakaribia kabisa.

Tunajifunza nini hapa? Andika jina la kitu, kisha andika tatizo lake. Maneno matatu au manne yanatosha. Neno moja ni machache mno. Sentensi ndefu kama ya barua huchanganya.

Tena, angalia tahajia yako. Mama mmoja aliandika "kuifadhi" bila herufi h. Mara nyingine simu hukisia ulichotaka kuandika. Mara nyingine hukupeleka kwingine. Ukikosa unachotafuta, soma kwanza maneno uliyoandika, herufi kwa herufi. Wala usione haya. Kila kosa la tahajia ni zoezi la kisomo.

Yako mahali kadhaa ambapo watu wazima wanaweza kupata masomo ya Kiswahili:

1. Access Agriculture. Hili ni shirika lililoanzishwa mwaka 2012. Lina video za kilimo na ufugaji zinazoonyesha wakulima wenyewe wakifanya kazi. Video hizo zimetafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Zinaweza kupakuliwa, yaani kuhifadhiwa ndani ya simu na kutazamwa baadaye bila mtandao.

2. African Storybook. Hapa kuna hadithi fupi zenye picha, katika lugha nyingi za Afrika. Za Kiswahili zipo. Inaruhusiwa kuzisoma, kuzipakua na kuzichapisha bila malipo. Zinamfaa mzazi anayetaka kusoma pamoja na mtoto wake.

3. Ubongo. Shirika hili liko Dar es Salaam. Lilianza kurusha vipindi vyake vya katuni katika televisheni mwaka 2014. Katuni hizo hufundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Zinapatikana pia YouTube. Zimetengenezwa kwa ajili ya watoto, lakini mtu mzima anayejifunza hesabu naye atafaidika.

4. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Humo mna vitabu vya kiada vya shule.

Mahali hapa ni mwanzo tu. Muulize pia bwana shamba, mganga wa zahanati na mwalimu wa shule ya msingi. Wao huenda wamo katika makundi mazuri ya kazi zao.

KAZI YA PILI: KUPEPETA

Huwezi kupika mchele kabla ya kuupepeta. Makapi hutoka, mchele hubaki. Habari za mtandaoni nazo ni hivyo hivyo. Darasa hili lilijifunza jambo hilo kwa hofu kubwa. Wao wenyewe walinieleza.

Darasa lilikuwa limefungua kundi la WhatsApp. Jioni moja ujumbe uliingia katika kundi hilo. Ulisema hivi:

"WAKULIMA WOTE. Dawa ya dumuzi imepatikana. Nunua vidonge, tia ndani ya gunia, funga mdomo, weka chumbani kwako. Mwaka mzima hayatoboki. Mtumie kila mkulima unayempenda."

Ujumbe huo uliletwa na mama mmoja mwanakisomo. Mama huyu ni mjane. Anaishi na wajukuu 3. Mwaka ule alipata magunia 9 ya mahindi. Kwa kuogopa wezi, aliyapanga magunia hayo katika chumba wanamolala wajukuu. Vidonge alikuwa ameshavinunua. Alikusudia kuvitia usiku wa siku ya pili.

Siku ya pili wakakutana darasani. Yupo mzee mmoja ambaye husoma polepole kuliko wote. Hufuata maneno kwa kidole. Wenzake humtania kwa sababu hiyo. Mzee huyo akanyosha mkono.

"Mwalimu," alisema, "ujumbe ule nimesomewa jana, na leo nimeusoma mwenyewe mara tatu. Sijaona jina la aliyeuandika."

Mama akajibu, "Mzee wangu, umetoka kwa dada yangu aliyeko mjini. Dada yangu hawezi kunidanganya."

"Dada yako hakudanganyi, mama," mzee alisema. "Lakini ameuandika yeye, au naye ameletewa?"

Mama akafikiri. Mweka hazina akafungua simu yake ili wote waone. Juu ya ujumbe palikuwa na alama ya mishale miwili. Mwalimu akaeleza maana yake. Ujumbe wa WhatsApp wenye mshale mmoja umehamishwa kutoka kwa mtu mwingine. Ujumbe wenye mishale miwili umepita katika mikono mingi. Umehamishwa mara 5 au zaidi kabla ya kukufikia.

"Basi dada naye ameletewa," alisema mama.

"Na hapa hapatajwi jina la dawa," aliendelea mzee. "Hapasemwi idadi ya vidonge. Hapasemwi mtu asubiri siku ngapi kabla ya kula. Mimi hata dawa ya malaria naambiwa asubuhi vingapi na jioni vingapi."

Darasa zima likanyamaza. Mwalimu akampigia simu bwana shamba. Asubuhi yake bwana shamba alifika kwa pikipiki. Akavitazama vidonge vikiwa ndani ya kopo lake. Akawaonyesha picha ya fuvu la kichwa iliyochorwa juu ya kopo.

"Vidonge hivi ni vya kufukizia nafaka," alisema. "Vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi ya sumu. Gesi hiyo inaua dumuzi, na inaua mtu vile vile. Hutumiwa na watu waliofunzwa, katika maghala yasiyolala mtu. Haviwekwi kamwe katika nyumba wanamoishi watu."

Mama alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Wajukuu zangu watatu wanalala pale."

Bwana shamba aliondoka na kopo lile.

Lakini kazi haikuisha hapo. Mama alikuwa ameshautuma ujumbe ule katika makundi mengine 3: kundi la ukoo, kundi la kanisani na kundi la akina mama wa kuweka na kukopa. Maji yakimwagika hayazoleki. Hata hivyo, anayemwaga maji njiani anaweza kuwaambia wapitao wasiteleze. Mama alikaa na simu ya mweka hazina, akaandika kwa mkono wake mwenyewe:

"Ujumbe niliotuma juzi kuhusu vidonge ni wa hatari. Vidonge hivyo vinaua watu. Msivitumie. Bwana shamba amethibitisha. Nisameheni."

Ulikuwa ujumbe mrefu kuliko wote aliowahi kuandika. Ulimchukua karibu nusu saa. Mweka hazina akautuma kwa dada yake, na dada akaufikisha katika makundi yote 3. Watu wawili wakajibu kwamba nao walikuwa wameshanunua.

Tangu siku hiyo, darasa lina ungo wake wa kupepetea. Ungo huo ni maswali 4. Yaandike katika daftari lako:

1. Nani amesema? Tafuta jina lake na kazi yake. Kama hakuna jina, weka alama ya kuuliza.

2. Amesema lini, na kwa mahali gani? Ushauri wa mbolea wa nchi ya baridi huenda usifae katika shamba lako. Video ya zamani huenda inataja dawa iliyokwisha kukatazwa.

3. Anaonyesha, au anadai tu? Mwalimu mzuri huonyesha hatua, vipimo na sababu. Mtu anayesema "fanya hivi, utaona maajabu" hajafundisha kitu.

4. Nani mwingine anasema hivyo? Tafuta mahali pengine pawili. Kisha muulize mtaalamu aliye karibu nawe.

Jambo likihusu dawa, sumu, fedha au ugonjwa, usilifanye wala usilitume kabla ya kupata jibu la swali la 4. Kumbuka pia kuna sheria. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kutangaza habari za uongo kwa kukusudia kudanganya watu ni kosa.

KAZI YA TATU: KUPANGA

Mkulima haweki mbegu, chumvi na mafuta ya taa katika gunia moja. Lakini ndivyo kundi la WhatsApp la darasa lilivyokuwa mwanzoni. Ndani yake mlikuwa na salamu za asubuhi, matangazo ya misiba, picha za mpira na masomo. Video nzuri iliyoingia Jumatatu, ifikapo Alhamisi haionekani tena. Imefunikwa na salamu.

Kamati ikaamua kuwa na makundi mawili. La kwanza waliliita Baraza. Humo watu huzungumza, huulizana na kupeana habari. La pili waliliita Ghala. Katika Ghala wanaoweka vitu ni watu 3 tu: mwalimu, katibu na mweka hazina. Wengine husoma na kuchukua. WhatsApp inaruhusu jambo hilo. Kiongozi wa kundi hufungua mipangilio ya kundi na kuchagua viongozi peke yao ndio watume ujumbe.

Kila somo likiingia katika Ghala huandikwa kichwa chake juu. Kwa mfano:

MAHINDI 1. Kukausha. Video. Dakika 9.
MAHINDI 2. Kupima ukavu kwa chumvi. Maandishi.
HESABU 1. Kuzidisha. Video. Dakika 5.

Mtu anayetafuta somo la mahindi huandika neno MAHINDI katika sehemu ya kutafuta ya kundi. Vichwa vyote vya mahindi huja.

Lakini simu huibwa. Simu huanguka. Mtu anayejiunga leo na kundi haoni masomo yote yaliyowekwa tangu zamani. Kwa hiyo darasa liliongeza vitu viwili.

Kitu cha kwanza ni kadi ya kumbukumbu. Masomo yote yaliyopepetwa huhifadhiwa katika kadi hiyo, kila mada katika folda yake. Siku moja simu ya mweka hazina ilitumbukia katika ndoo ya maji na kufa. Darasa halikupoteza hata somo moja. Kadi ilikuwa kwa katibu.

Kitu cha pili ni daftari la kawaida la kurasa 96. Waliliita Daftari la Ghala. Kila somo huandikwa humo kwa mkono, katika safu 6:

Namba.
Jina la somo.
Ni maandishi, sauti au video?
Limetoka wapi?
Nani amelithibitisha, na tarehe gani?
Limejaribiwa? Matokeo ni nini?

Wanakisomo hupokezana kuandika. Hivyo daftari hilo ni ghala, na ni zoezi la mwandiko pia. Mtu asiye na simu huja, hulifungua, na huona darasa lina masomo gani.

KAZI YA NNE: KUTUMIA PAMOJA

Wazee mnakumbuka mwaka 1973. Mwaka huo kulikuwa na kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya. Redio zilikuwa chache. Watu walikaa kwa vikundi na kusikiliza kipindi katika redio moja. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake na kijitabu chake. Baada ya kusikiliza walijadiliana, kisha walikwenda kufanya kazi. Walichimba vyoo, walifyeka majani na kusafisha visima. Watu wapatao milioni mbili walishiriki.

Redio peke yake isingechimba choo. Walichimba watu waliokaa pamoja, wakasikiliza, wakaulizana na kukubaliana. Simu nayo ni hivyo hivyo. Mtu anayetazama video peke yake kitandani husahau asubuhi. Darasa linalotazama pamoja hufanya.

Darasa letu lilitazama video ya kuhifadhi mahindi. Simu moja iliwekwa juu ya kiti. Watu 6 walitazama, wakapisha wengine 6. Zilikuwa zamu 4. Sauti za masomo waliziweka katika kadi na kuzisikiliza kwa redio ndogo inayotumia kadi. Hapo watu wote 24 walisikia kwa pamoja.

Walijifunza mambo gani? Walijifunza kwamba mahindi mabichi yakifungiwa huota kuvu. Kuvu wengine hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu.

Walijifunza pia kupima ukavu kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tia mahindi kiasi cha theluthi moja ya chupa. Ongeza vijiko 2 au 3 vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikinata katika kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu. Yaanike tena. Chumvi isiponata, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15. Kwa mifuko isiyopitisha hewa, yaanikwe zaidi mpaka yafike asilimia 13 hivi. Bwana shamba anaweza kuyapima kwa kifaa chake.

Mfuko usiopitisha hewa huwa na nailoni mbili ndani na kiroba nje. Kila nailoni hutolewa hewa na kufungwa peke yake. Dumuzi walio ndani humaliza hewa, hukosa pumzi na kufa. Hakuna sumu inayotiwa.

Mama yule alileta mahindi yake darasani. Wakayatia katika chupa. Chumvi ilinata. Aliyaanika tena siku 3, akapima, haikunata. Akaongeza siku mbili, naye bwana shamba akayapima. Kisha akauza gunia moja na kununua mifuko ya kuhifadhia magunia 8 yaliyobaki.

GHARAMA

Bando ni fedha. Video hula bando zaidi kuliko sauti. Sauti hula zaidi kuliko maandishi. Kwa hiyo somo likipatikana kwa maandishi, lichukue kwa maandishi.

Darasa hili lilikubaliana kila mwanakisomo atoe shilingi 100 kwa wiki. Watu 24 mara shilingi 100 ni shilingi 2,400. Fedha hizo hununua bando la darasa. Mtu mmoja hupakua somo mara moja. Wengine huchukua kutoka simu hadi simu bila kutumia bando. Mweka hazina husoma hesabu mbele ya wote kila mwisho wa mwezi.

TAHADHARI

Usimpe mtu namba yako ya siri, hata akisema ni mwalimu.
Usiweke mtandaoni picha ya mwenzako bila kumwomba ruhusa.
Kitabu au video ya mtu ni jasho lake. Chukua kilichoruhusiwa, na andika jina la mwenye kazi.
Ukikosea, sahihisha haraka mahali pale pale ulipokosea.

MWISHO

Mwezi wa Februari nilirudi katika darasa hilo. Ni miezi ya njaa katika sehemu zile. Mama yule alikuja na mfuko mmoja juu ya baiskeli. Akaufungua mbele yetu. Mahindi yalikuwa mazima, hayana unga wala matundu. Mzee anayesoma polepole alichota konzi moja, akayanusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mama akaomba Daftari la Ghala. Akatafuta somo namba 1 kwa kidole. Katika safu ya sita, palipoandikwa "Limejaribiwa?", akaandika: "Ndiyo. Ni kweli. Wajukuu wanakula."

Ndugu mwanakisomo, ghala ni la wote wanaojua kusoma. Nawe sasa ni mmoja wao. Elimu haina mwisho.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwa nini mama aliuamini ujumbe wa vidonge?
2. Mzee aliona mapungufu gani katika ujumbe huo?
3. Mishale miwili juu ya ujumbe wa WhatsApp ina maana gani? Je, ina maana kwamba ujumbe ni wa uongo? Jadilianeni.
4. Kwa nini darasa lilihitaji daftari wakati simu ipo?
5. Katika kijiji chako, ni nani wa kumuuliza juu ya kilimo? Juu ya afya? Juu ya sheria?

HESABU

1. Darasa lina watu 30. Kila mtu hutoa shilingi 100 kwa wiki. Watapata shilingi ngapi kwa wiki 4?
2. Watu 28 wanatazama video katika simu moja. Kila zamu ina watu 7. Zitakuwa zamu ngapi?

KAZI YA KUFANYA

1. Chagueni jambo moja mnalotaka kujifunza. Andikeni maneno matatu ya kulitafutia.
2. Chukueni ujumbe mmoja uliowafikia wiki hii. Upepeteni kwa maswali 4.
3. Anzisheni Daftari la Ghala la darasa lenu. Chora safu 6, kisha andika somo la kwanza.

MANENO MAPYA

Bando: kiasi cha mtandao kinachonunuliwa kwa ajili ya simu.
Folda: mahali ndani ya simu au kadi panapowekwa vitu vya aina moja.
Kupakua: kuchukua kitu mtandaoni na kukihifadhi katika simu.
Kupepeta: kutenga mazuri na mabaya.
Sumukuvu: sumu inayotoka kwa kuvu wa nafaka, karanga na vyakula vingine.
Kuthibitisha: kuhakikisha kwamba jambo ni kweli.